Mgeni wa Miezi 12: Nani Hulipa Ada ya Mwenyeji Katika Vyuo vya Umma vya Marekani

Mtoto wa Mtwara na mtoto wa Kinondoni wakichaguliwa kozi moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanalipa ada ile ile. Hakuna ofisi itakayomuuliza wa Mtwara wazazi wake wamelipa kodi wapi, au alihamia Dar lini na kwa sababu gani. Kwa hiyo familia zetu nyingi zilizofika Marekani, ziwe zimetoka kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale au zimeshinda bahati nasibu ya viza zikiwa Nairobi, hazijui kwamba swali la namna hiyo lipo mpaka siku barua ya chuo inapofika, na ada iliyoandikwa humo ni karibu mara tatu ya ile waliyoiona kwenye tovuti.

Kwa mwaka wa masomo 2024/25, taasisi ya College Board ilikokotoa wastani wa ada katika vyuo vikuu vya umma vya miaka 4: dola 11,610 kwa mkazi wa jimbo, dola 30,780 kwa anayetoka nje. Tofauti ni dola 19,170 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 4 unapata dola 76,680, na hapo hujagusa chakula wala malazi. Kwenye vyuo vyenye majina makubwa pengo ni pana zaidi: mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha California kilimwongezea asiye mkazi dola 34,200 juu ya ada ya kawaida.

Linaloniuma ni kwamba nyingi ya familia hizo zilikuwa na haki ya ada ndogo, au zingekuwa nayo kama zingejua mwaka mmoja mapema kwamba siku zilikuwa zinahesabiwa.

Kwanza ieleweke vyuo hivi ni vya nani. Ukiacha vichache, hasa vya kijeshi, serikali kuu ya Washington haimiliki vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Minnesota ni cha Minnesota, cha Kentucky ni cha Kentucky, na kila bunge la jimbo hutenga fungu kutoka kodi za watu wake ili kuvipunguzia vyuo hivyo gharama. Ada ndogo ya mkazi ni kodi ya wazazi wake inayorudi nyumbani. Anayetoka jimbo jingine huhesabiwa kwamba wazazi wake wamechangia kapu jingine, hata kama ni raia wa Marekani wa kuzaliwa.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa uraia na ukazi ni vitu viwili. Wapo wazazi Dar na Nairobi waliojifungua watoto Marekani walipokuwa masomoni, wakarudi nao nyumbani wachanga, wakaitunza ile pasipoti ya buluu miaka 18 wakiamini itamfungulia mtoto ada nafuu. Pasipoti itampitisha uwanja wa ndege, na itamstahilisha misaada na mikopo ya serikali kuu. Lakini haina jimbo ndani yake. Mtoto huyo akitua Houston Agosti kwa ajili ya chuo, wakati wazazi wake bado wako Mikocheni, mbele ya chuo cha Texas ni mgeni sawasawa na kijana aliyetoka Chicago.

Kila jimbo lina sheria yake, na ndani ya jimbo moja vyuo vinaweza kutofautiana katika kuitafsiri. Kipimo cha kawaida ni miezi 12 mfululizo kabla ya muhula kuanza, au kabla ya tarehe maalumu ambayo chuo hufunga hesabu ya wanafunzi wake. Arkansas hutaka miezi 6, Alaska 24. California hutaka zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo huhesabu siku 366. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. California jembe hutolewa siku ya 366, na hata siku hiyo hapewi kila aliyefika.

Sharti hilo la mwaka mmoja limepita mahakamani, na historia yake inafaa kujulikana kwa sababu ndiyo iliyotuachia mlango wa kujitetea. Minnesota ilishtakiwa kwa kuwataka watu wakae mwaka mzima kwanza. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha kanuni hiyo isimame. Connecticut ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ilimpima mwombaji kwa anwani aliyokuwa nayo alipoomba chuo, na akishahesabiwa mgeni alibaki mgeni mpaka ahitimu. Margaret Kline aliomba akiwa California, kisha akaolewa na mwanamume wa Connecticut, akahamia huko, akachukua leseni ya udereva ya huko, akasajili gari lake na kujiandikisha kupiga kura huko huko. Chuo kikaendelea kumtoza ada ya mgeni. Mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, Mahakama ya Juu ilisema jimbo lina haki ya kumtenganisha mwenyeji na mgeni, na hata kudai muda wa kukaa ulio wa busara, lakini haliwezi kumnyima mtu nafasi ya kuonyesha kwamba amekuwa mwenyeji. Ndiyo maana leo utakuta fomu ya kuomba kubadilishiwa hali ya ukazi, wengi wetu tunaiita fomu ya rezidensi, na njia ya kukata rufaa ukikataliwa.

Kukaa, na kuwa na maskani

Fundo lenyewe liko hapa. Sheria inadai vitu viwili kwa pamoja: mwili wako uwe ndani ya jimbo, na nia yako iwe kubaki. Mwanafunzi aliyetoka Ohio akalala bweni la Indiana miaka 4 amekaa kweli kweli, lakini sheria inasema alikuja kusoma, na maskani yake imebaki Ohio kwa wazazi. Mwenye nia naye, kama bado hajahamia, hana chochote mkononi. Mtu ana maskani moja tu kwa wakati mmoja, na ile ya zamani haifi mpaka mpya iwe imesimama.

Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo afisa wa ukazi huitafuta kwenye makaratasi na, zaidi ya makaratasi yenyewe, kwenye tarehe zake. Mtu aliyepanga nyumba, akaanza kazi na kuchukua leseni ya udereva Juni mwaka jana, kisha akaanza chuo Agosti mwaka huu, simulizi yake inaeleweka: alihamia, akaishi, halafu akaamua kusoma. Aliyefanya yote hayo wiki moja kabla ya kujiandikisha chuoni, afisa atasema amehamia kwa ajili ya chuo. Na ukishaanza masomo ya muda wote ndani ya mwaka wa kwanza wa kufika, majimbo mengi hukuchukulia hivyo mpaka uthibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Kwa hiyo kijana mtu mzima aliyefika peke yake, asiye na haraka sana, hufanya vizuri kutumia mwaka wa kwanza kufanya kazi. Atafunga miezi 12 akiwa mfanyakazi mwenye hati za mshahara, si mwanafunzi mwenye kitambulisho cha bweni. Missouri ni mfano wa jimbo lenye njia iliyo wazi hata kwa mwanafunzi wa Kimarekani aliyetoka jimbo jingine: akae miezi 12 mfululizo, apate angalau dola 2,000 za mapato yanayotozwa kodi ya Missouri, na asiwe tegemezi wa wazazi walio nje. Majimbo mengine hayana ukarimu huo. California humtaka kijana ambaye wazazi wake si wakazi athibitishe kwamba anajitegemea kifedha, na wachache wanaweza.

Baba mdogo hatambuliki

Kwa kijana anayetegemea wazazi, swali la kwanza ni wazazi wake wana maskani wapi. Anakolala yeye mwenyewe huja baadaye. Sheria humpa mtoto maskani ya mzazi wake. Wazazi wakiwa wameachana, majimbo mengi hutosheka mmoja wao akiwa mkazi, ilimradi awe mkazi kweli.

Desturi yetu na sheria hii haziendi njia moja, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu familia nyingi huumia hapa. Tuseme mtoto wa kaka yako amekuja kwako akiwa na miaka 14. Analala chumba kimoja na wanao. Wewe ndiye unayesaini karatasi zake za shule, wewe ndiye unayemkimbiza hospitali usiku. Unamwita mwanangu, naye anakuita baba mdogo, na mtaani hakuna anayejua kwamba hukumzaa. Afisa wa ukazi haoni baba mdogo. Anaona kijana ambaye baba yake mzazi yuko Kigoma, na Kigoma si Iowa. Unaweza kumwonyesha picha za miaka minne ya mahafali na vikao vya wazazi. Atazitazama kwa heshima na kukuomba hati ya mahakama.

Hati anayoitaka ni ya ulezi wa kisheria, inayotolewa na jaji wa kaunti unakoishi. Kuipata si jambo la ajabu, hasa kama wazazi wamefariki au wako mbali na wanaandika kukubali, lakini inachukua muda. Tena baadhi ya majimbo huikataa kama yakiona imechukuliwa kwa ajili ya kupata ada nafuu tu. Hati ya ulezi ya mtoto wa miaka 14 inaonekana kama ulezi. Ya kijana wa miaka 17 na miezi 10, mwenye barua ya chuo tayari, inaonekana kama ilivyo. Ukimpokea mtoto wa ndugu, shughulikia hati hiyo mwaka wa kwanza. Utaihitaji pia hospitalini.

Yapo majimbo yanayomtazama mwanafunzi mwenyewe kupitia shule aliyosoma. Texas ina njia ya namna hiyo: aliyekaa jimboni miezi 36 kabla ya kuhitimu sekondari ya Texas, akaendelea kukaa humo miezi 12 kabla ya tarehe ya hesabu ya chuo, anaweza kuhesabiwa mkazi bila kuangalia wazazi wako wapi. Kwa mtoto aliyelelewa na shangazi au mjomba, njia hii ni msaada mkubwa, na sielewi kwa nini haitangazwi zaidi kwenye shule zenye watoto wetu.

Kuna pia suala la kujitegemea. Fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali kuu, humhesabu mtu kuwa anajitegemea akifikisha miaka 24, akiwa ameoa au ameolewa, akiwa na mtoto anayemtunza, akiwa yatima, au kwa sababu nyingine chache. Watu hudhani FAFSA ikishakubali, chuo nacho kimekubali. Sivyo. FAFSA ni ya Washington, ukazi ni wa jimbo, na kila upande una kipimo chake cha kujitegemea. Mkimbizi aliyefika mwezi uliopita anaweza kupata msaada wa Pell, fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ambao kiwango chake cha juu mwaka 2024/25 kilikuwa dola 7,395, na wakati huo huo akatozwa ada ya mgeni, ambayo msaada huo hauifikii hata robo.

Makaratasi

Nyumba ya familia iliyofika karibuni mara nyingi huwa hivi: watu wanane, mkataba mmoja wa pango, jina moja juu yake, kwa kawaida la yule anayejua Kiingereza zaidi. Bili ya umeme ina jina hilo hilo. Gari lina jina hilo hilo. Mama haendeshi, anatunza watoto wa majirani na kulipwa taslimu. Baada ya mwaka mmoja mama ameishi jimboni siku zote 365, lakini hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Kama mwenye jina lile ni kaka mkubwa na mama ndiye mzazi wa mwombaji wa chuo, familia imekaa mwaka mzima bila ushahidi.

Dawa ni rahisi na inagharimu kidogo, ila lazima ianze mapema. Kila mtu mzima jina lake liandikwe kwenye mkataba wa pango. Asiyeendesha gari achukue kitambulisho cha jimbo, kwa sababu kina tarehe ya kutolewa. Akaunti ya benki ifunguliwe kwa anwani ya nyumbani. Marejesho ya kodi ya jimbo yajazwe kila mwaka kwenye majimbo yenye kodi ya mapato, hata kama mapato ni madogo. Texas haina kodi hiyo, kwa hiyo huko uzito huhamia kwenye kazi, nyumba unayomiliki, biashara, au ndoa na mkazi. Wakimbizi waweke vizuri fomu yao ya I-94 na barua ya shirika lililowapokea, maana zinaonyesha tarehe ya kufika na mji waliopangiwa, na zaidi ya hapo zinaonyesha kwamba hawakuja kwa ajili ya chuo. Mkimbizi ana hoja nzuri kuliko karibu kila mtu mwingine anayeomba ukazi, kwa sababu hana maskani nyingine ya kurudia. Aiseme hoja hiyo kwa maandishi.

Makosa ya kodi hujificha. Chukua Louisville, Kentucky, ambako Kiswahili kinasikika kwenye mabasi na makanisani. Ng'ambo ya mto Ohio kuna Jeffersonville, Indiana, penye maghala makubwa yanayoajiri watu wetu wengi. Kentucky na Indiana zina makubaliano: mfanyakazi anayevuka mto hulipa kodi ya mapato kwenye jimbo anakoishi. Lakini mwajiri asipojazishwa fomu ya kumwambia hivyo, anaweza kukata kodi ya Indiana mwaka mzima, na fomu ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, ikatoka ikiitaja Indiana. Mzazi anayeishi Kentucky atapeleka karatasi hiyo chuoni kama ushahidi, nayo itamuuliza maswali badala ya kumjibia. Hilo hurekebishika. Ni heri likamatwe Februari wakati wa kujaza kodi kuliko Agosti.

Kuna karatasi moja ambayo lazima niitaje kwa sauti. Orodha nyingi za ushahidi wa ukazi hutaja kujiandikisha kupiga kura. Ushauri huo ni kwa raia. Asiye raia, awe mkimbizi au mwenye grin kadi, akijiandikisha kupiga kura amejitangaza kuwa raia, na kupiga kura katika uchaguzi wa serikali kuu ni kosa la jinai kwake. Anaweza kunyimwa uraia baadaye, na anaweza kufukuzwa nchini. Hatari haiko kwenye orodha za vyuo tu. Tangu sheria ya mwaka 1993, ofisi za leseni za udereva hutakiwa kuwapa watu nafasi ya kujiandikisha kupiga kura papo hapo, na karani mwenye haraka anaweza kumuuliza mama asiyejua Kiingereza vizuri, naye akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Nenda naye. Hakikisha kisanduku kile kimebaki tupu. Hakuna chuo kinachoweza kumnyima ukazi mtu asiye raia kwa sababu tu hana kadi ya mpiga kura.

Na kuazima anwani ya ndugu aliye jimbo jingine ili kupata ada yake ni udanganyifu, hata kama ndugu amekubali kwa moyo mweupe. Chuo kikigundua kinaweza kudai tofauti yote ya nyuma na kumfukuza mwanafunzi. Kwa mtu anayetarajia kuomba uraia, hati ya uongo aliyoisaini humfuata.

Kuhama katikati

Familia zetu huhama. Shirika linakupeleka Texas, binamu anapiga simu kutoka Iowa kwamba kiwanda cha nyama kinaajiri na mshahara ni mzuri, na baada ya wiki mbili mmepakia. Kwa kazi ni uamuzi mzuri. Kwa mtoto aliye mwaka wa mwisho wa sekondari unaweza kuwa ghali kuliko mshahara wenyewe. Mkihama Juni na mtoto anaanza chuo Agosti, maskani ya wazazi imetoka Texas na Iowa haijatimiza mwaka. Mtoto anabaki bila jimbo, na kila upande unamtoza kama mgeni.

Kama kuhama hakuepukiki, tazama mambo mawili. Baadhi ya majimbo humlinda mwanafunzi aliyekwisha kuanza masomo kabla wazazi hawajahama, mradi asikatize. Na vyuo vya jamii vya miaka 2 ada yake ni ndogo hata unapohesabiwa mgeni, ingawa huko nako kuna ngazi: mkazi wa kaunti, mkazi wa jimbo, mtu wa nje. Wastani wa mkazi wa eneo mwaka 2024/25 ulikuwa dola 4,050. Mwaka mmoja huko, mtoto akiishi nyumbani na wazazi wakitimiza miezi yao 12, unaweza kuwa daraja la kufikia chuo kikuu kwa ada ya mwenyeji.

Hali ya uhamiaji

Wenye grin kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi kwa kawaida hupimwa kwa kipimo kile kile cha raia. Waombaji hifadhi ambao kesi zao hazijaamuliwa hutazamwa kwa namna tofauti kila jimbo, na kwao ni lazima kukiuliza chuo chenyewe na kupata jibu kwa maandishi.

Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 yuko mahali pagumu kwa sababu ya viza yenyewe. Ili aipate alitakiwa kuonyesha kwamba ana makazi nchini kwake na hana nia ya kuyaacha. Mtu aliyeapa ubalozini Nairobi kwamba atarudi, hawezi kesho kumwambia msajili wa chuo kwamba nia yake ni kubaki Ohio. Miaka mingapi akae haijalishi. Wenye viza za kazi za H-1B na L-1 ni tofauti, kwa kuwa sheria inawaruhusu kuwa na nia ya kubaki, na majimbo mengi huwapokea wao na wategemezi wao. Wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa nao wana ulinzi wao: mwaka 1982, katika kesi ya Toll dhidi ya Moreno, Mahakama ya Juu iliikataa sera ya Chuo Kikuu cha Maryland iliyowanyima ada ya mkazi watoto wa wenye viza ya G-4, wengi wao wakiwa watoto wa watumishi wa mashirika kama Benki ya Dunia. Watanzania na Wakenya walioajiriwa kwenye mashirika hayo na kuishi Maryland wanafaidi kesi hiyo mpaka leo.

Kwa mwanafunzi wa F-1 njia si kuomba ukazi, ni kuomba msamaha wa ada ya mgeni. Texas ina kifungu kinachoruhusu chuo kumtoza ada ya mkazi mwanafunzi wa nje aliyeshinda ufadhili wa ushindani wa angalau dola 1,000 kutoka chuo hicho, na huwatoza ada hiyo pia wanafunzi wa uzamili wanaofundisha au kufanya utafiti kwa nusu ya muda wa kazi. Ufadhili wa dola 1,000 unaonekana mdogo kwenye barua. Kwenye hesabu ya ada unaweza kuondoa makumi ya maelfu.

Wasio na hati za kuishi nchini wako kwenye ardhi inayotikisika. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inayakataza majimbo kuwapa nafuu ya chuo kwa misingi ya ukazi, isipokuwa kama raia yeyote wa Marekani angeweza kuipata pia. Ndipo Texas na California, zote mwaka 2001, zikapitisha sheria za kuwapa ada ya mkazi. California ikaegemea miaka ya kusoma sekondari jimboni badala ya ukazi, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya California ikaikubali hoja hiyo. Lakini Februari 2025 Florida iliifuta nafuu yake, na Juni mwaka huo serikali kuu iliishtaki Texas, jimbo likakubali siku ile ile, na jaji akaizuia sheria hiyo kwa wasio na kibali cha kuishi nchini. Kentucky na Minnesota zilishtakiwa mwezi huo huo. Aliyekuwa akitegemea njia hiyo asisikilize aliyosimuliwa na kaka aliyehitimu 2022. Na hapa mwanasheria wa uhamiaji anahitajika kabla ya fomu yoyote kusainiwa.

Milango ya pembeni

Si lazima uwe mkazi ili ulipe karibu na mkazi. Majimbo ya magharibi yana mpango wa kubadilishana wanafunzi ambao humtoza mtu wa jimbo lililomo kwenye mpango huo si zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mwenyeji. Baadhi ya majimbo ya kati yana mpango unaofanana nao. Majimbo ya kusini huruhusu ada ya mwenyeji kwa kozi ambayo jimbo lako halina. Minnesota imeelewana na Wisconsin na Dakota zote mbili. Mipango hii haikufuati nyumbani: unaiomba, na kila chuo huchagua kozi kinazoziingiza kwenye mpango.

Jeshi ni mlango mwingine, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wenye grin kadi wamejiunga. Kwa sheria ya mwaka 2008, askari aliye kwenye utumishi, mwenzi wake na wategemezi wake hulipa ada ya mkazi katika jimbo alilopangiwa kituo, na mwanafunzi haipotezi askari akihamishwa, mradi aendelee kusoma bila kukatiza. Kwa anayetumia mafao ya masomo ya maveterani, sheria ya mwaka 2014 iliongeza ulinzi unaofanana na huo.

Ukiwa tayari umehesabiwa mgeni

Soma barua ya chuo uone sababu. Wakati mwingine ni kosa la fomu: mwanafunzi aliacha wazi swali la ukazi, au aliandika mwaka wa kufika Marekani mahali palipoulizwa mwaka wa kufika jimboni. Hilo hurekebishwa kwa nakala mbili tatu. Kama ni suala la miezi kutotimia, andika kwenye kalenda siku itakayotimia na uandae ombi la muhula unaofuata. Kama ni ushahidi haukutosha, peleka barua fupi yenye tarehe, tangu siku ya kufika mpaka leo, na kila tarehe iwe na karatasi yake. Maafisa hawa husoma mafaili mengi. Faili linalojipanga lenyewe humsaidia anayelisoma kusema ndiyo. Usiishie kwenye neno la mhudumu wa dirisha la udahili, kwa kuwa anayeamua ni afisa wa ukazi peke yake. Omba jibu lake kwa maandishi, na uulize siku za kukata rufaa ni ngapi. Huwa ni chache.

Ukazi ukikubaliwa huanza muhula ule ulioombwa, na kwa kawaida fedha zilizolipwa mihula iliyopita hazirudi. Ombi la muhula wa Januari mara nyingi hufungwa kabla muhula haujaanza, na fomu yake hupatikana kwenye tovuti ya ofisi ya msajili wa chuo.